Daftari la Njiwa Limegoma

Sint-Aldegonde, Jumatatu, 3 Machi 2014

Bi Godelieve,

Hapana, kompyuta sijaipiga teke. Nimeizima nikaiwasha, kama ulivyoniuliza kwenye simu kabla hujanikatia. Nimeizima mara nne. Mara ya tano nimeifunika taulo nikaiacha ipumzike, maana hata punda hupumzishwa. Nimeifunua, bado imegoma.

Hali iko hivi. Wiki iliyopita mwenyekiti wetu Odiel kaleta njiwa wapya kumi na wawili niwaandike: namba ya pete ya mguuni, jike au dume, baba nani, mama nani, chanjo lini. Wa kwanza kaingia. Wa pili, kompyuta ikasema faili limefika mwisho wa ukubwa wake, haliongezwi kitu. Nikajiambia, Nestor, tumia akili, futa marehemu. Nikafuta njiwa ishirini waliokufa tangu enzi za mfalme aliyepita. Nikatazama ukubwa wa faili. Haujapungua hata unyoya. Na sasa hata kufunguka halitaki.

Sheria ya klabu unaijua: njiwa asiye na karatasi iliyotoka kwenye mashine haingii tenga la safari, na asiyeingia tengani hapelekwi kuachiwa mbali ashindane kurudi nyumbani. Unaijua kwa sababu ulikuwepo siku inapitishwa. Na aliyeipigia debe unamjua pia, maana ndiye aliyewauzia hiyo mashine. Jina simtaji. Ni mtu mzuri sana na ndiye anayekuandikia.

Madaftari ya zamani ya karatasi usiniulize. Haya, umeshauliza. Yamefungia sahani na vikombe nilivyouza kuanzia hapa mpaka Ghent. Karatasi ile ilikuwa nzito, haikupasuka hata kikombe kimoja.

Jumamosi tarehe 5 Aprili ndiyo siku ya kwanza ya kutia njiwa tengani. Wanachama arobaini na mmoja, njiwa wao wote wamefungiwa mabandani tangu Novemba kwa ajili ya mwewe, na wanahesabu siku kama wafungwa. Hakuna anayejua kilichotokea. Nimewaambia wino umeisha.

Flashi hiyo hapo ndani, nimeizungushia karatasi ya chokoleti. Chokoleti yenyewe ilikuwepo, ila foleni ya posta ilikuwa ndefu. Faili ulilitengeneza wewe, dada. Likomboe.

Wako,
Nestor Debaveye, katibu


Nieuwpoort, 7 Machi 2014

Nestor,

Ukitaka kitu unaniita dada. Usipotaka kitu huniiti kabisa. Mwaka wa tatu huu.

Umefanya vizuri kuandika, na uendelee kuandika. Kwenye simu unanichekesha, nikimaliza kucheka nakuta umenidanganya. Kwenye karatasi unadanganya polepole, naweza kukukamata.

Sasa sikiliza. Faili la aina hii lina mwisho: gigabaiti mbili, basi. Haijalishi kompyuta ina nafasi kiasi gani. Likigonga pale linakwama. Na kufuta hakulipunguzi. Ukimtoa njiwa aliyekufa bandani, sanduku la kiota chake linabaki ukutani, si ndiyo? Faili nalo ni hivyo hivyo, linatunza matundu ya waliotoka. Mpaka ulibane, yaani likaandikwe upya pembeni bila matundu. Hilo lilitakiwa lifanywe kila mwezi. Nilikuandikia kwenye karatasi ya njano, nikaigandisha juu ya kioo cha hiyo mashine.

Kuna jambo silielewi. Nimeandika vizazi na vifo vya watu ofisi ya mji miaka thelathini, najua majina yanachukua nafasi kiasi gani. Nilipoondoka klabuni faili hilo lilikuwa na njiwa wote wa tangu mwaka 1971, wazima na wafu, na halikufika megabaiti ishirini. Limejazwa nini likawa kubwa mara mia?

Umemwambia Odiel?

G. Tanghe


Sint-Aldegonde, 11 Machi 2014

Bi Godelieve mpendwa,

Karatasi ya njano nilidhani ya kufutia kioo. Nilifutia.

Umeuliza limejaa nini. Macho. Unawajua hawa watu. Mkutano wako ule wa mwisho Odiel alisimama akasema njiwa bila jicho si njiwa, ni namba tu. Kila mtu akapiga meza. Basi tangu ulipoondoka kila njiwa mpya anapigwa picha jicho la kulia, jicho la kushoto, na bawa limekunjuliwa, nami nazibandika humo humo ndani ya daftari. Odiel anakuja na kile kioo chake cha kukuzia, ananisukuma pembeni, pua inagusa kompyuta. "Ona huyu, Nestor. Ona duara la ndani. Huyu ukimwachia Orléans kule Ufaransa anaona nyumbani." Mimi naona jicho la njiwa. Lakini nani kaniuliza mimi?

Na wafu hawafutwi. Nilimgusia Firmin kwamba tumpunguze dume wake wa mwaka 1988. Akaniuliza kama mama yangu nimemfuta kwenye picha za ukutani.

Kwa hiyo sababu umeipata. Macho na wafu, basi. Hakuna kingine humo.

Odiel sijamwambia. Habari ya wino imechakaa, kwa hiyo sasa printa iko kwa fundi. Fundi kaenda kwa dada yake Liège. Dada anaumwa mgongo. Unaona naishi maisha gani? Nalazimika kukumbuka mgongo wa mtu ambaye hayupo duniani.

Fanya haraka. Jana Odiel kanishika mkono mlangoni pa baa ya klabu akaniambia huu ndio msimu wake wa mwisho. Ana miaka sabini na tisa, Septemba anahamia ghorofa ya wazee ya binti yake, ambako njiwa hawaruhusiwi. Jike wake Bluu Mrembo yuko kwenye hali nzuri ambayo hajawahi kumwona nayo. Ndiye yule wa pili, aliyekataliwa na faili. Nikamwambia tulia mzee, mambo yako sawa. Kisha nikaingia chooni nikakaa.

Nestor


Nieuwpoort, 15 Machi 2014

Nestor,

Halikufunguka kwa mlango. Nilitengeneza faili jipya tupu, nikawa nachota yaliyomo kwenye la zamani kidogo kidogo, jedwali moja baada ya jingine. Sasa nimeyaona yote.

Kwanza macho. Picha ukiibandika ndani ya jedwali kama ulivyofanya, haikai kama ilivyotoka kwenye kamera. Inafura, kama mkate kwenye maziwa. Hilo si kosa lako peke yako. Nililisema siku ile mkutanoni, mkacheka.

Pili, nimehesabu. Njiwa elfu tatu mia tisa na kumi na wawili wana pete, baba na mama. Halafu wapo mia sita na kumi na mmoja ambao hawana pete, hawana baba, hawana mama. Nakusomea wachache.

"Jike. Rangi ya maziwa. Vichomeo vinne. Tanuri linafanya kazi."

"Dume. Kijani. Gia saba, tairi mpya, breki ya nyuma haipo."

"Jike. Nyeupe. Mlango unafungwa kwa teke. Amechanjwa."

Nimeitazama sana hiyo picha ya tatu. Ni friji, Nestor. Umeipiga pande tatu, kulia, kushoto, na mlango umekunjuliwa.

Theluthi mbili ya faili la klabu ni bidhaa zako. Wewe ndiye uliyelijaza, si Odiel, si macho, si dume wa Firmin. Uliniandikia kwa mkono wako: hakuna kingine humo.

Bado nalishughulikia. Ila sitalituma mpaka uwaambie wanachama ni nini kililijaza. Uwaambie mwenyewe, kwa mdomo wako, Odiel akiwa wa kwanza.

G. Tanghe


Sint-Aldegonde, 19 Machi 2014

Dada,

Haya. Nimekamatwa, mikono juu.

Lakini nisikilize jinsi lilivyoanza, maana lilianza kwa akili nzuri. Ghala langu unalijua, hata mimi nikiingia natoka bila kofia. Siku moja mtu kanipigia anataka friji nyeupe. Niko mbele ya mashine ya klabu, namwandika njiwa. Nikaona hiki kitu kinatafuta kwa rangi. Nikajiuliza, nikimwandika friji kama jike mweupe, si nitampata kwa sekunde moja? Nikampata. Bi Godelieve, maisha yangu yote sijawahi kupata kitu kwa sekunde moja. Shule niliacha na miaka kumi na nne, orodha zangu zote zilikuwa kichwani na kwenye maboksi ya sigara. Ghafla nina daftari linalojibu. Wa pili akafuata, wa tatu, ndugu wakaitana.

Kuhusu "amechanjwa": mashine ilikuwa inakataa kuendelea usipojaza hapo. Ningefanyaje?

Sasa hilo la kuwaambia. Omba kingine chochote. Baba yangu alikuwa mkusanya vyuma chakavu, na mimi ni hivyo hivyo, hapa kijijini wanajua. Zamani gari letu likipita, watu walikuwa wanaingiza baiskeli ndani. Si kwa ubaya, walikuwa wanatusalimia huku wanaziingiza. Miaka ishirini nimekaa meza ya mwisho ya baa ya klabu. Halafu mwaka ule ulipoondoka wakanipa ukatibu na ufunguo wa chumba cha matenga. Ufunguo, Bi Godelieve. Mimi. Firmin mwenyewe aliniwekea mkononi akasema, "Funga vizuri ukitoka."

Nikiwaambia kwamba nimewafungia njiwa wao kwa ajili ya majiko yangu, wanauchukua ufunguo, na msimu unaofuata wakiniona wanaingiza baiskeli.

Nina njia. Radi. Tunasema radi imepiga mashine, kila kitu kimepotea, halafu wewe kwa wema wako ulikuwa na nakala. Unatokea malaika, mimi mhanga, Odiel anashindana. Nani kaumia hapo?

Wako wa dhati kabisa,
Nestor


Nieuwpoort, 22 Machi 2014

Nestor,

Radi, mwezi wa tatu, imeruka mnara wa kanisa ikachagua kompyuta ya njiwa.

Siku ile mkutanoni niliwaambia neno moja tu: picha zikae nje ya daftari. Odiel alicheka. Firmin alicheka. Aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa mwenye mashine ya kuuza. Nilirudi nyumbani na koti langu mkononi, mvua inanyesha, sikulivaa mpaka nilipofika. Miezi miwili baadaye nikahamia huku pwani. Watu walidhani ni kwa ajili ya mapafu.

Hapana.

G.T.


Sint-Aldegonde, 31 Machi 2014

Bi Godelieve,

Siku tisa sijaandika kwa sababu siku tisa sipo. Ukija nyumbani kwangu utakuta mapazia yamefungwa na gari limefichwa nyuma ya kiwanda cha kitani. Nimehamia kwenye banda langu la njiwa. Nina kiti, blanketi, na birika la kahawa. Njiwa wangu kumi na nane wananitazama. Wao wamefungiwa tangu Novemba, wamezoea. Mimi natembea hatua nne, nageuka, natembea hatua nne. Kuna dume mmoja kaanza kuningurumia, anadhani nimekuja kumchukulia pembe yake.

Wanachama wanagonga. Nawasikia wakiongea mlangoni. "Atakuwa Liège kwa yule fundi." "Fundi gani, huyu kafa humo ndani." "Kama kafa, nani ana ufunguo?" Nikawaza, hata nikifa, habari ni ufunguo.

Jana kaja Odiel peke yake. Hakugonga. Aliketi kwenye ngazi yangu na chupa yake ya chai, na boksi dogo la kadibodi lenye matundu. Nilimwona kwenye ufa wa banda. Alimtoa Bluu Mrembo, akamshika kifuani, akawa anamwongelesha. Anamwambia, "Karatasi inakuja, mama. Nestor kasema mambo yako sawa." Alikaa saa nzima. Bi Godelieve, mzee hakuwa anajua kama nipo. Hakuwa ananisema. Aliamini tu.

Nilikuwa na mlango wa kufungua, hatua nne. Sikuufungua. Nilijiambia akigeuka tu natoka. Akageuka, akaondoka, sikutoka.

Zimebaki siku tano. Sitanii tena. Nitumie flashi. Nichukie baadaye, nitakuwa nina nafasi msimu mzima.

Nestor


Nieuwpoort, 2 Aprili 2014

Nestor,

Sasa ni zamu yangu kusema.

Faili lilikuwa tayari tangu tarehe 14 Machi. Nilipokuandikia kwamba bado nalishughulikia, lilikuwa juu ya meza yangu, karibu na bakuli la sukari, limekwisha. Nilitaka ukwame kidogo. Kisha nikaona kukwama kwako kunanipendeza, na hapo ndipo nilipokosea, maana uliyefungiwa hukuwa peke yako. Nimesoma habari ya Odiel kwenye ngazi mara mbili, nikaona aibu.

Nimefanya hivi. Picha zote nimezitoa nje, zimekaa kwenye makabati yao humo kwenye kompyuta, kila mwaka na kabati lake. Daftari linakumbuka tu kila picha iko kabati gani. Njiwa waliokufa kabla ya mwaka 2000 nimewapa faili lao wenyewe, na mafaili mawili yanazungumza, kwa hiyo ukitafuta babu wa njiwa utampata. Hakuna marehemu aliyefutwa. Hata wale ishirini wako nimewarudisha kutoka kwenye nakala yangu. Njiwa kumi na mmoja wa Odiel waliobaki jaza mwenyewe, wataingia bila kusukumana. Lote zima sasa ni megabaiti kumi na tisa.

Friji na nduguze wamo kwenye faili la tatu. Nimeliita Banda la Nestor.

Flashi nimeituma leo. Si kwako. Nimemtumia Odiel, kwa jina lake, na ndani ya bahasha sijaweka neno hata moja la maelezo. Itafika Ijumaa na posta ya asubuhi. Atakaa nayo mkononi asijue ni kitu gani.

Una mpaka Ijumaa kumweleza.

Godelieve


Sint-Aldegonde, Jumatatu, 7 Aprili 2014

Bi Godelieve,

Mwanamke wewe ungekuwa mwewe pasingebaki njiwa Flanders nzima.

Barua yako ilinifikia Alhamisi. Ijumaa saa mbili na nusu nikatoka bandani, nina nyasi kichwani, nikaenda kwa Odiel. Kaniangalia juu mpaka chini. "Liège kulikuwaje?" Nikamwambia sijaenda. Akamimina kahawa. Tukakaa tunatazama dirishani. Mtu wa posta akaonekana mwisho wa barabara na baiskeli yake, anaingia nyumba hii, anaingia ile, na mimi kila nyumba nafungua mdomo naufunga. Alipofika kwa jirani nikaanza kusema. Nilisema haraka kiasi kwamba mzee aliniomba nirudie kuanzia kwenye friji.

Bahasha ikaingia. Tukaenda klabuni, nikaichomeka, ikafunguka kama siagi. Odiel akasema, "Nionyeshe." Nikadhani anamtaka Bluu Mrembo. "Hapana, hiyo friji." Nikamfungulia Banda la Nestor. Akatoa kioo chake cha kukuzia, akaiinamia friji kulia, akaiinamia kushoto. Muda mrefu. Akasema, "Huyu harudi kutoka Orléans."

Usidhani ndiyo imeisha. Jioni alinisimamisha mbele ya wote, nikasema tena, na humo hakuna aliyecheka. Firmin alisema maneno ambayo siyaandiki, maana wewe ni mtu wa kanisani. Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu. Nikautoa ufunguo. Bi Godelieve, nilidhani utakuwa mzito kuutoa. Kilichokuwa kizito ni kutembea kutoka pale mpaka meza ya mwisho.

Lakini karatasi zilitoka. Njiwa mia mbili na sitini, bila kukwama. Jumamosi wakaingia tengani wote, na mimi nilibeba matenga, kwa sababu kubeba hakuna kura. Jana waliachiwa saa nne. Bluu Mrembo kaja wa tisa. Odiel alikuwa amesimama uani na kofia mkononi, na alipomwona anashuka alitikisa kopo la mahindi kumwita aingie. Alinikubalia nisimame karibu naye. Sikuongea, na wewe unajua hiyo ilinigharimu nini.

Sasa mambo ya kazi. Wamekata shauri daftari lisiguswe na mtu mmoja peke yake tena. Lazima wawe wawili, na mmoja awe anaweza kumwambia Nestor hapana. Wamezunguka meza nzima wakitafuta mtu huyo. Arobaini na mmoja, hayupo. Firmin, yule yule, ndiye aliyetaja jina lako, na alitazama chini alipolitaja.

Kwa hiyo nakupa dili, lisome lote kabla hujakataa. Kila Alhamisi nakuja Nieuwpoort kukuchukua kwa gari. Nimelifagia, kiti cha mbele kina springi mbili tu mbovu na utakalia upande wa ile nzuri. Wewe unashika daftari, mimi sigusi kibonyezo. Mimi napiga picha za macho, ndogo, unazipanga nje kwenye makabati yako. Mwisho wa mwezi unalibana, mimi nashika saa. Wakitaka kubandika kitu ndani, wewe unasema hapana mara moja na kwa upole, na mimi ndiye ninayepiga kelele, maana kelele ninazo za ziada. Siku ya kwanza, kabla hujavua koti, nasimama mbele yao nasema ulikuwa na haki mkutano ule na mimi ndiye niliyecheka kuliko wote.

Na wewe ukimkuta jike mmoja tu humo mwenye vichomeo, gari ni lako, na mimi natembea kwa miguu kutoka Nieuwpoort mpaka nyumbani, na wanachama wanasimama njiani kunihesabia muda.

Alhamisi saa tatu nitakuwa mlangoni kwako. Ukikubali, toka na koti. Ukikataa, nifungulie mlango uniambie mwenyewe hapana, tuone kama kweli unaweza.

Nestor Debaveye, mbeba matenga